Sava Yangu Imekwama kwa Hajji

Wadau, leo nimezuiwa mlangoni na sheria niliyoitunga mwenyewe.

Tunahamisha vyombo vya mtandao vya ofisi yetu hapa Nateete, kutoka ghorofani hadi chumba kipya ng'ambo ya ua. Nilimwahidi bosi kwamba saa saba kliniki tunazouzia zitaweza kuagiza dawa kwetu kama kawaida.

Saa sita nikashuka nimebeba sava, ile kompyuta kuu yetu. Nzito, jasho linanitoka.

Hajji, askari wetu wa mlangoni, akasimama mbele yangu.

"Fundi, karatasi ya kutoa mali iko wapi?"

"Hajji, naenda hapo tu!"

"Kitu haitoki bila karatasi, ssebo. Si wewe ulisema?"

Kweli nilisema. Kompyuta mbili zilipopotea, mimi ndiye niliyetaka kila karatasi ichapwe kwenye mfumo, isiandikwe tena kwa mkono.

Na mfumo uko wapi?

Ndani ya sava niliyoibeba!

Nikamweleza. Akafikiri, akasema kwa upole, "Basi rudi juu, washa, chapa, halafu shuka."

Nikapanda. Nikawasha. Ikawaka, asante Mungu! Nikabonyeza kuchapa.

Printa haina mtandao.

Swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya zote, niliivusha asubuhi kabla Hajji hajaingia zamu.

Nikakimbia ng'ambo kuichukua. Narudi nayo, Hajji huyu hapa, anaitazama.

"Na hii, fundi, ilitoka na karatasi gani?"

Naandika nikiwa kwenye benchi lake. Nimjibu nini? Haraka jamani, bosi anapiga.