Makofi Darajani Uji

Mzee Kihachi Nishiwaki aliweza kusahau kama ameshakunywa supu yake ya asubuhi, lakini kofia ya watembeza wageni hakuisahau hata siku moja. Aliivaa mbele ya kioo, akaiweka sawa, akashika kibendera chake. Mkewe, Bi. Fusae, alimtazama huku akitafuta pa kuanzia kumwambia.

"Fusae, viatu vyangu umevitia wapi?"

"Si umevivaa, bwana wewe!"

"Basi twende, mbona umezubaa? Wageni hawangoji."

Jana yake Bwana Ogaki, mkuu wa chama cha watembeza wageni, alibisha hodi na boksi la keki za maharage matamu, akainama sana. Huku kwetu boksi la namna hiyo likija bila sikukuu, ujue lina neno. Na neno lenyewe lilikuwa kwamba Jumamosi hii ndiyo ya mwisho kwa mzee kutembeza wageni, na mkewe ndiye amwambie, "maana sisi, Bi. Fusae, uso wa kumwambia hatuna." Loo! Na huyu mama yeye uso huo aupate wapi?

Lakini Fusae alipokea boksi kwa mikono miwili, na ukweli ni kwamba moyo wake ulipoa. Mficha maradhi kilio humfichua, naye alikuwa ameficha hadi amechoka: kumfuata mumewe nyuma nyuma, kumnong'oneza majina ya wafalme, kumgeuza akipotea njia. Alitaka yaishe kabla mzee hajaumbuka mbele za watu. Hilo tu ndilo alilokuwa akiliomba hekaluni.

Wageni walikuwa akina mama kutoka Nagoya, wa darasa la kusoma maandishi ya kale. Watu huja mji wetu huu wa Uji kwa ajili ya chai, au kwa ajili ya kile kitabu cha kale cha mambo ya ikulu, ambacho mwisho wake unatua kwenye mto wetu. Hawa walikuja kwa kitabu. Mzee akaanza vizuri, sauti imejaa, akawapitisha mbele ya maduka yanayokaanga majani ya chai mpaka katikati ya daraja, pale anaposimulia habari za yule binti wa kitabuni aliyetoweka usiku, nyumba nzima ikamlilia ikidhani amechukuliwa na maji.

"Wakamtafuta," alisema mzee. "Wakamtafuta..." Akainamia ukingo kutazama mto unavyokimbia.

"Chizuko," alisema.

Chizuko ni binti yao, wa pekee. Alipotaka kuolewa na mtu asiyempendeza baba yake, mzee alimwambia atoke na asirudi. Akatoka kweli, akaenda zake Sapporo, na barua za mama yake hajazijibu mpaka leo. Tangu siku ile jina lake lilikuwa mwiko mle nyumbani. Fusae alikuwa amengoja miaka na miaka amsikie mumewe akilitamka, na sasa analitamka mbele ya watu baki, kibendera mkononi.

"Jamani, mmemwona mwanangu?" Mzee alimwendea mama mmoja, akamwinamia, kisha mwingine. "Mimi ndiye niliyemfukuza. Kosa ni langu, si lake. Mkimwona mwambieni baba yake yupo hapa darajani. Mwambieni wali bado una moto."

"Twende nyumbani, baba," Fusae alimnong'oneza, akimshika mkono.

"Niache! Mtoto yuko nje na baridi yote hii, wewe unaniambia nyumbani?"

Mama mmoja alitoa leso. "Wee! Babu anajua kuigiza huyu!" alisema huku analia. "Nywele zimenisimama!" Wakaanza kupiga makofi, wote, hata wapita njia.

Bwana Ogaki, aliyekuja kuichukua ile kofia, alisogea anafuta macho. "Bi. Fusae, tulikosea. Lile la jana lisahau kabisa. Jumamosi ijayo kuna kundi kubwa, nitaleta na watembezaji wenzake wajifunze. Atakirudia kipande hiki?"

Fusae alifungua mdomo aseme kwamba haigizi, kwamba mume wake amepotea na anahitaji kupelekwa kulala. Lakini wale akina mama walikuwa wamejipanga, wameinama kumshukuru. Mtu wa huku akiinamiwa huinama, mgongo haungoji ruhusa ya kichwa. Akainama, na mdomo nao ukatoa maneno uliyoyazoea tangu utoto.

"Asanteni sana. Tafadhali muendelee kutufadhili."

Basi, limeshatoka. Bwana Ogaki alikuwa tayari anawaita wageni wapige picha.

Mzee alimvuta mkewe mkono wa kimono. Uso wake ulikuwa umechangamka, macho yanaruka kutoka mtu hadi mtu kati ya wale waliokuwa wakishangilia.

"Fusae," alimuuliza, "wamempata?"