Matanga ya Zahanati

Wakwe zangu wa Ntalikwa walijenga zahanati kwa mikono yao mpaka kwenye lenta, juu ya madirisha, kisha wakanawa mikono wakakaa kusubiri. Ndiyo desturi ya maendeleo ya kwetu: wananchi hupandisha kuta, serikali hupaua na kuleta milango, dawa na muuguzi. Kuta zilizosimama bila paa tunaziita boma, na boma la wakwe zangu lilinyeshewa msimu baada ya msimu mpaka mbuzi wakajua chumba cha sindano ni kipi na cha kujifungulia ni kipi. Wao walipenda cha kujifungulia. Kilikuwa na kivuli asubuhi.

Mimi si wa huko. Mimi ni Mzaramo, nilikuja Tabora nikiwa binti na cheti changu cha uuguzi ndani ya sanduku la bati, nikaolewa na Mnyamwezi, nikawa mkunga hospitali ya mjini mpaka nikastaafu. Nyumba yetu iko Mtendeni. Na kama kuna asiyejua, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Babu zao walitembea kwa miguu kutoka huku hadi pwani na pembe za ndovu mabegani, na walipofika kwetu wamechoka, babu zangu waliwacheka kwanza ndipo wakawapa maji. Hivyo ndivyo ninavyoisimulia mimi. Wao husema babu zangu walicheka kwa sababu hawakuwa na nguvu ya kubeba hata nazi zao wenyewe.

Shida ni kwamba mimi ni mkwe pia. Mkwe hupiga magoti, hushusha macho, husema "shikamoo" kwa sauti ya kuku mgonjwa. Mtani hutukana na kuchukua kuku bila kuomba. Baada ya kuwachanganya watu kwa miaka mingi, tuliishia kwenye alama moja: kanga ikiwa mabegani, mimi ni mkwe. Nikiivuta na kuifunga kiunoni, kila mtu ajikaze.

Niliwatania sana juu ya boma lao. Nikishuka tu barabarani nauliza kama daktari yuko zamu au kaenda malishoni. Mwenyekiti wa mtaa ndiye aliyepata zaidi. Alikuwa amerudi kutoka semina fulani mjini na neno "endelevu," na tangu siku hiyo hakulitua chini. Barabara endelevu, choo endelevu, mkutano endelevu. Hilo la mkutano lilikuwa kweli, maana mikutano yake ilianza asubuhi ikaisha watu wameshalala na kuamka.

Mtu mmoja tu sikumtania. Wifi yangu, mdogo wake mume wangu, alimpoteza mtoto wake wa kwanza njiani. Uchungu ulimshika mvua ikinyesha, wakampakia kwenye bodaboda, barabara ilikuwa uji mtupu, na alipofika mjini mtoto, wa kiume, alizaliwa hana uhai. Mimi siku hiyo nilikuwa likizo kwetu pwani. Walimrudisha yule mtoto Ntalikwa wakamzika nyuma ya nyumba. Sasa, baada ya kungoja miaka, wifi alikuwa na mimba tena, na mimi nilimwambia waziwazi: "Mwezi wa mwisho uje kwangu Mtendeni."

"Nije nikae nikiangalia mapazia yako?" akasema. "Nitajifungulia hapa."

"Hapa wapi, wifi? Na mbuzi?"

Akaelekeza kidevu kwenye boma. "Hapo."

Nilikasirika nikarudi mjini bila kuaga vizuri. Nimeona damu ya uzazi, najua inavyokimbia, na najua umbali wa kutoka pale hadi wodi ya wazazi. Mara ya kwanza tulimpoteza mtoto. Niliogopa kwamba safari hii tungempoteza yeye.

Mvua zilipokuwa zimeshika, mzee mmoja wa ukoo akafariki, nikaenda kufanya kazi yangu ya utani. Nyumba ya msiba bila mtani ni baridi. Nilivaa koti la marehemu, nikatembea kama yeye, nikawadai wajukuu zake chai kwa sauti yake, nikalala njiani kuzuia jeneza mpaka waliponipa jogoo. Wafiwa walilia na kucheka kwa pamoja. Tukazika, tukarudi, tukala. Tulipokuwa tumekaa kwenye mikeka tukasikia kishindo. Kona ya boma la zahanati, iliyokuwa imelowa tangu wiki iliyopita, ilikuwa imeanguka.

 Nikamtazama wifi. Alikuwa ameshika tumbo kwa mikono miwili, anatazama yale matofali.

Sijui nilifikiri nini. Nilijifunga kanga kiunoni, nikatoka mbio mvuani mikono kichwani, nikalia: "Mama weee! Tumefiwa tena! Kijana mwenyewe hajavaa hata kofia!" Nikajitupa penye tope mlangoni pa boma. Nilidhani watacheka, wataniinua, tutarudi kwenye chai. Wakacheka kweli. Lakini mama mmoja mzee, shangazi wa mume wangu, akachukua mkeka akaja akautandika kando yangu, chini ya ukuta uliobaki, akakaa. Akaja wa pili. Mwingine akaleta moto. Kufika jioni kulikuwa na misiba miwili Ntalikwa, na wa pili ulikuwa na watu wengi zaidi, na mimi niliyeuanzisha nilikuwa na tope mpaka kwenye nywele nikitamani kwenda kuoga.

Mkeka wa matanga ukishatandikwa hauondolewi hivihivi. Mwenyekiti alijaribu. Alisimama akasema huu si msiba endelevu. Wakamkaribisha akae, wakampa majivu ya kujipaka. Kesho yake, kwa aibu, akampigia simu afisa afya wa kata aje kuwatuliza wananchi.

Afisa alikuwa kijana mpole, suruali ameikunja kwa ajili ya matope. Alipofika mkekani alivua viatu, akakaa, akatupa pole mmoja mmoja. Nikampenda hapohapo. Kisha shangazi akamwuliza swali ambalo huulizwa wageni wa msibani, ila akaligeuza: "Mwanangu, wewe ulikuwa karibu naye. Marehemu aliugua nini?"

Kijana akakuna kichwa. "Shangazi, mimi naona aliugua kukosa shimo."

Nilitegemea kicheko.  Wanaume wakaangalia vidole vya miguu yao. Akina mama wakavuta kanga zao. Mwenyekiti akaanza kukohoa.

Hapo ndipo nilipoelewa, na mimi mkunga mzima! Zahanati haifunguliwi bila shimo la kutupia kondo la nyuma, lile linalotoka baada ya mtoto. Choo walichimba. Tanuri la kuchomea taka walijenga. Shimo la kondo hawakuchimba, na manispaa ilikuwa inangoja shimo hilo ndipo ipaue, wakati wakwe zangu wakingoja bati ndipo wafikirie mengine. Mwenyekiti alikuwa anajua siku zote. Lakini angesimamaje mbele ya mama mkwe wake na kutamka neno kama lile? Kila mkutano alisema tu "kuna vitu vidogo vidogo vimebaki," na watu wazima wakapiga makofi.

"Kondo!" nikasema. Kanga ilikuwa bado kiunoni. "Semeni na nyie. Kondo! Mlitoka na nini tumboni, mihogo?"

Vicheko vikapasuka, na baada ya vicheko maneno yakatoka. Shangazi akaeleza. Kwao kondo la mtoto huzikwa mlangoni kwao, na wanawake wa nyumba hiyo. Pale lilipo ndipo panapomshika mtoto asipotee. "Sasa la mjukuu wangu likachanganywe na la jirani ninayegombana naye? Mtu asiyejua kondo lake liko wapi huzurura tu duniani. Nyie Wazaramo hatuwashangai."

Hilo lilinipata barabara, maana mimi mwenyewe sijui langu liko wapi, na kweli nimeishia Tabora.

Nikawaambia ninachojua. Shimo lipo kuzuia mbwa na magonjwa, wala halichimbwi kudharau watoto wa mtu. Mjini akina mama waliniomba wapewe kondo waende nalo nyumbani, nikawafungia vizuri, wakaenda kuzika kwa kina. Afisa akaitikia kwa kichwa akasema hata hapa itawezekana, lifunikwe na lizikwe chini sana, na asiyetaka aache shimoni. Akina mama wakatazamana. Nikaona mabega yanashuka. Kumbe jambo lililogharimu misimu yote ile lilikuwa dogo kiasi hiki, na halikuwa na mtu wa kulisema.

Wifi peke yake hakulegea. "Shimo sitaki," akasema, akainuka akaenda zake. Nikamwona mkaidi. Nilisema hivyo kwa sauti pia.

Likabaki la nani achimbe. Wanaume wakasema ni mambo ya wanawake. Wanawake wakasema tangu lini jembe la kuchimbia shimo likawa la wanawake. Shangazi akangoja wamalize, akanigeukia akitabasamu kwa meno yake yaliyobaki.

"Msibani mchimba kaburi nani?"

"Mtani," wakaitikia wote, kwa furaha ambayo sitaisahau.

"Umelia, umekula ugali wetu, jogoo umechukua. Chimba."

Mtani hakatai. Nikapewa sururu. Mkunga mstaafu, bibi wa watu, mwenye presha na goti bovu, nikachimba mbele ya mtaa mzima, na kila donge la udongo lililotoka walinishangilia kama timu imefunga goli. Mwenyekiti alisema huo ndio ushirikishwaji wa jamii. Nilipofika kina cha goti, lile bovu, nilikaa chini nikawaambia kaburi la Mnyamwezi mfupi limekamilika. Ndipo vijana na wanaume wakacheka mpaka wakachoka, wakaninyang'anya sururu, na shimo likaenda chini kama inavyotakiwa. Ile kona iliyoanguka waliijenga wiki hiyohiyo.

Sitasema serikali iliwahi. Nitasema tu kwamba safari hii haikuchelewa sana. Bati zilifika kabla ya karanga kuvunwa, milango ikafuata, na mwishoni akaletwa muuguzi, kijana wa kiume kutoka Nzega, mwenye ndevu tatu. Mbuzi walihamishwa kwa nguvu. Siku ya kufungua mwenyekiti alitoa hotuba, na mimi nilikaa kanga mabegani, nikapiga makofi kama mkwe mwenye adabu.

Wifi alishikwa na uchungu asubuhi ya kiangazi, akatembea mwenyewe kwenda. Nilipigiwa simu nikafika nikihema. Yule wa ndevu tatu akanizuia mlangoni: "Bibi, subiri nje." Mimi! Nilifungua mdomo nimpe historia yangu ya kazi, nikaufunga, nikakaa kwenye benchi na akina mama wengine.  Niliwahi kuzalisha wanawake wengi na sikuwahi kujua jinsi benchi la nje lilivyo gumu.

Mtoto akalia. Wa kike, sauti kama ya shangazi. Nikaruhusiwa kuingia.

Wifi alikuwa amelala mzima, amechoka, mtoto kifuani. Damu ilikuwa imekata vizuri. Niliangalia, siwezi kuacha kuangalia. Nje akina mama walikuwa wameshaleta chungu cha kubebea kondo. Nikainama nikamwuliza, kwa sauti ya kawaida, wala si ya utani: "Wifi, la huyu tunakupa uende nalo nyumbani, au tuliweke shimoni?"

Akamfunika mtoto vizuri, akanigeukia.

"La yule wa kwanza mlilitupa wapi?"

 Yule mtoto walimrudisha Ntalikwa, wakamzika, wakamlilia, nami niliporudi kutoka pwani nilikwenda kutoa pole. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba nusu yake ilibaki mjini. Wifi alikuwa amekaa na swali hilo miaka yote, akidhani lilichukuliwa na mbwa, na mimi nikamwita mkaidi mbele ya watu. Machozi yakanitoka. Nikamwambia ukweli: halikutupwa ovyo. Nyuma ya wodi ya wazazi kuna shimo kama hili letu, lina mfuniko wa zege, linafungwa. Yote yanawekwa humo. Nimepita kando yake kila siku ya kazi yangu.

"Kuna mengine humo?"

"Mengi sana."

Akamvuta mtoto karibu. "La huyu nitaenda nalo," akasema. "Na wewe utanipeleka kwa yule."

Arobaini ilipoisha alikuja Mtendeni, mtoto mgongoni, mguuni kavaa viatu vyake vya sikukuu. Hakutaka hata chai. Tulikwenda moja kwa moja hospitali, nikamwomba ruhusa mlinzi anayenifahamu, tukazunguka nyuma ya wodi, nikamwonyesha ule mfuniko. Nikarudi nyuma kidogo nimwachie nafasi.

Wifi alisimama pale akaweka nguo yake vizuri. Akamshusha mtoto mgongoni, akamgeuza uso uelekee kwenye zege.

"Hujambo, baba," akasema. "Huyu ni mdogo wako."