Namba ya Mama Guyo

Kuna Alhamisi moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, na leo nitakusimulia nikiwa na hasira. Asubuhi nimeona mmesambaza kwenye WhatsApp namba ya simu ya mama ambaye mwanawe, askari, hajulikani aliko vitani. Mmeandika, "Mpigieni mumpe pole." Kosa hilo nalijua. Nililifanya mimi, hapa hapa mtaani Wabera, nikiwa kijana mwenye duka dogo na kiherehere kikubwa.

Jirani yangu, Mama Guyo, alipata habari kwamba kambi ya jeshi ng'ambo ya mpaka imeshambuliwa. Guyo, mwanawe, alikuwa huko. Jina lake halikuwa kati ya waliokufa wala kati ya waliopona. Mama akakaa mlangoni na simu yake ndogo mkononi, akingoja.

Niliona upweke umemzidi. Nikaandika namba yake kwenye vikaratasi. Kimoja nikampa imamu, kingine mchungaji wetu, vingine wauza mifugo waliokuwa wakienda Garbatulla. Nilijiona mtu mwema kweli.

Kesho yake, Alhamisi, simu ililia tangu asubuhi. Binti yake alinisimulia baadaye: kila ilipolia, mama alishtuka, akafuta kiganja kwenye leso, akapokea akiita, "Guyo?" Na kila mara alikuwa mtu wa kutoa pole. Mmoja aliyepiga kutoka Leparua alimwombea mpaka chai ikapoa. Alasiri nikaenda kwake, nikitarajia kushukuriwa.

"Salaam aleikum, Mama Guyo. Naona watu wamekukumbuka."

"Ni nani amewapa namba yangu?"

"Ni mimi, mama. Sikutaka ukae peke yako."

"Mmoja ameuliza mazishi ni lini. Nimemuuliza, ya nani, yako?" Akaninyooshea simu. Ilikuwa imezimika. "Hii laini ni ya Guyo kunipigia, Mutuma. Hana ingine anajua kwa kichwa. Mmeijaza na matanga yenu mpaka chaji ikaisha."

Nilikimbia nayo dukani, nikaichaji. Ilipowaka, zikaingia jumbe za waliopiga ikiwa imezimika. Namba tisa zilikuwa za hapa Kenya. Ya kumi ilikuwa ya ng'ambo ya mpaka. Tukaipiga. Haikupatikana siku hiyo, wala kesho yake, wala mwezi huo wote. Guyo hakurudi, na hakuna aliyetuonyesha kaburi lake. Labda alikuwa yeye. Labda mtu alikosea namba. Mimi ndiye niliyemnyima mama yake kujua.

Kwa hivyo usinieleze habari ya nia njema. Nilikuwa nayo, tele. Futa hiyo namba sasa hivi, kisha uwaambie wenzako nao wafute. Mzazi ambaye mtoto wake hajulikani aliko hajafiwa, usimpelekee matanga. Nenda kwake kwa miguu. Mchotee maji, mpikie, msindikize kambi ya jeshi ya hapa akaulize, na msiondoke langoni mpaka mjibiwe. Ukikosa la kusema, kaa naye kimya. Simu yake muachie mtoto wake.

Mungu akuepushe na kungoja kwa namna hiyo. Na kama siku moja itakubidi ungoje, akupe majirani wenye akili kuliko mimi, na simu unayoingoja ikukute laini iko wazi.