Udongo Uliodidimia Chini ya Miparachichi

Miaka ya Ufipa haiji mbio. Hupanda uwanda huu kama mtu atokaye bonde la Rukwa na mzigo kichwani: hatua, pumzi, kisha hatua nyingine, na anapofika juu, walio nyumbani hushangaa kwamba amekwisha fika. Ndivyo miaka sabini na miwili ilivyomfikia Urbano Mboje. Alizaliwa upande wa Matai, wakati wa mavuno ya ulezi, kwa baba aliyelima kwa ntumba, yaani vile vilima vya mviringo ambavyo mkulima huvijenga kwa kulaza nyasi chini na kupindulia udongo juu yake, ili zioze na kuilisha mbegu ya msimu ujao. Alisoma kadiri ya uwezo wa wazazi wake, akashika jembe, kisha akaliweka chini akashika mnyororo wa mpima ardhi. Alimwoa Zita kanisani, wakajaliwa watoto watano, na wawili kati yao wakawatangulia. Hayo yote yalipita polepole, na Urbano hakuona lini ujana ulimtoka.

Mtaa aliouhamia ukubwani huitwa Mashambani, ingawa shamba la mwisho lilikwisha siku nyingi. Uko ng'ambo ya Kizwite, pale mji wa Sumbawanga unapoendelea kujinyoosha kuelekea milima ya Mbizi. Zamani palikuwa nyasi tupu na upepo. Mtu akisimama hapo aliweza kumtambua ng'ombe wake akiwa kilima cha tatu. Lakini kila aliyejenga alipanda miti: mikaratusi mpakani, misonobari barabarani, miparachichi uani. Sasa miti hiyo imekutana juu ya mapaa. Wageni husifu kivuli chake. Wenyeji nao hushukuru, ila hawakai sana uani. Asubuhi za ukungu huwasikia ndege mbali, mitaa ya jirani, wala si juu ya vichwa vyao. Upepo unapopita katika mikaratusi, sauti yake hufanana na ya waumini wanaoitikia kabla padre hajatamka neno.

Urbano aliijua asili ya mambo hayo, na kwa miaka ishirini na saba hakumwambia mtu.

Yeye ndiye aliyeshika mnyororo siku viwanja vile vilipopimwa. Mpima ardhi alikuwa mtu wa pwani, mwenye adabu na mwoga wa baridi. Walipofika kwenye mteremko mmoja walikuta vilima vidogo vya udongo vilivyofunikwa na nyasi, na yule mpima akauliza ni kitu gani. Urbano, mtoto wa mkulima, alijibu bila kuinama kutazama: "Ntumba hizo, bwana. Mwenyewe alizilaza akahama kabla ya kupanda." Akacheka kidogo, kwa fahari ya mtu anayeulizwa jambo la kwao. Mpima aliandika kwamba hapo ni shamba la zamani, bikoni za mpaka zikasimikwa, viwanja vikagawiwa. Urbano naye akapata kimoja, palepale mteremkoni.

Alijenga, akapanda miparachichi. Masika ya pili yalipokwisha, udongo wa uani ulididimia mahali saba. Alisimama akavitazama vile vibonde akiwa na kikombe cha uji mkononi, uji ukapoa. Ntumba haifanyi hivyo. Ntumba ikichoka husambaa, na hubaki imeinuka kidogo kuliko ardhi ya kandokando. Kinachodidimia ni kile ambacho chini yake palikuwa na nafasi, na nafasi hiyo imejifunga. Hapo alielewa kwamba fahari yake ilikuwa imewaficha wafu wa watu waliohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji na kuacha makaburi yasiyo na saruji, ambayo misalaba yake ya miti iliteketea kwa moto wa nyasi.

Kosa la kwanza lilikuwa la ulimi. La pili lilikuwa la moyo, kwa maana hati alikuwa nayo na nyumba ilikwisha ezekwa. Alichukua toroli, akafukia. Kila mwaka baada ya masika alifukia tena.

"Baba Adolfu," Zita alimwambia mwaka mmoja, kwa jina la kifungua mimba wao, "unamlisha nani huo udongo?"

"Miparachichi."

"Miparachichi haili toroli nane."

Zita hakurudia, ila tangu siku hiyo aliacha kuanika nguo upande ule. Kuku nao hawakupekua pale hata siku moja, ijapokuwa majani yalikuwa mazito na wadudu tele.

Kisha alianza kuja Emerensiana. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwembamba, akitoka Muze kule chini bondeni. Alikuja kila mwanzo wa Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, na hakufuata barabara za mtaa. Alianzia kwenye kifusi cha ilungu, tanuru la kale la kuyeyushia chuma lililo nyuma ya kanisa dogo la kigango, akageuza shavu la kulia kwenye jua, akatembea. Penye ukuta alitafuta lango, akaingia, akavuka ua wa watu, akatokea upande wa pili na kurudi kwenye mstari wake. Watoto walimkimbia. Watu wazima walimwita mchawi kwa sauti ndogo na bibi kwa sauti kubwa. Mwisho wa mstari wake ulikuwa wigo wa Urbano. Hapo alisimama, akapewa maji, na mwaka wa kwanza aliuliza kama mzee huyo alikuwapo wakati wa kupima.

"Nilikuwapo, dada," alisema Urbano.

"Mlikuta nini?"

"Tulikuta nyasi."

Lilikuwa neno la kweli, na kila jioni lilimkwama rohoni kama mwiba wa samaki.

Mwaka huu mambo yalitangulia mvua. Oktoba, udongo ukiwa mkavu kama unga, kibonde kimoja chini ya mparachichi wa tatu kilididimia chenyewe, na kingine kidogo kando yake, ambacho Urbano siku zote alikidhania kuwa kisiki kilichooza. Alifukia. Asubuhi vilikuwa vimeshuka tena, na majani yaliyokauka yamekusanyika upande mmoja wa kila kibonde, kama mto wa kulalia. Alifukia mara tatu. Mara ya nne aliliegemeza toroli ukutani, akaingia ndani kusali Rozari, na katikati ya fumbo la tatu akajikuta anasikiliza.

Siku ya pili ya Novemba ukungu ulishuka kutoka Mbizi hata mlingoti wa umeme haukuonekana. Urbano alikuwa uani aliposikia maneno kwa jirani yake Obed, muuza vifaa vya ujenzi, kijana mwenye mbwa mkali na ulimi mkali zaidi.

"Bibi, siku hizi hodi haipigwi?"

"Nimepiga. Mbwa wako ndiye aliyenikaribisha."

"Huyu? Huyu amemchania suruali hata mjumbe wa mtaa."

"Basi kwangu hakuona suruali."

Obed alicheka. Mbwa, ambaye kwa kawaida angekuwa amekwisha kauka sauti kwa kubweka, hakusikika kabisa.

"Haya, unakwenda wapi, bibi? Hii ni nyumba, si njia."

"Mimi sipiti nyumbani kwako, mwanangu. Napita njiani. Hapa penye jiko lako palikuwa na jiwe, tukilizunguka. Mmelipeleka wapi?"

"Tulilipasua tukalitia kwenye msingi."

"Ndiyo maana ukuta wako una ufa."

"Nani kakwambia una ufa?"

Safari hii Obed hakucheka. Ufa ule ulikuwa ndani, nyuma ya kabati la vyombo, na hakuwahi kumwonyesha mtu.

Emerensiana akatokea katika ukungu, kitenge kimefungwa kidevuni, akasimama mahali pake penye wigo.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, dada. Habari za Muze?"

"Joto, na mbu. Kaka, huu ni mwaka wa nne nasimama hapa, na mwakani sitasimama. Magoti yameukataa mlima. Leo nimepandishwa na lori la mpunga, dereva ananung'unika kila kona kana kwamba namkalia begani. Kwa hiyo nakuuliza mara ya mwisho, kisha nitashuka ninyamaze."

Urbano alishika mti wa wigo. Zita alikuwa ametoka jikoni na uji wa ulezi, akasimama mlangoni.

"Mama yangu alifariki kwa uzazi," Emerensiana alisema, bila kupandisha sauti. "Mimi nilikuwa na miaka tisa. Mtoto alimfuata kabla jua halijazama. Wazee wakakataa kuwaweka shimo moja. Wakamchimbia mtoto lake dogo, urefu wa mkono kutoka kwa mama, upande wa moyo. Msalaba uliungua. Tukaweka mwingine, nao ukaungua. Halafu ikaja amri ya kuhama. Mimi sitaki kiwanja cha mtu, kaka. Nataka nipige magoti palipo penyewe, si barabarani kama mtu aliyedondosha sindano."

Urbano aliona yote kwa mara moja: hati ya kiwanja ndani ya sanduku la bati, wajukuu wake waliozaliwa katika nyumba ile, jina lake vinywani mwa majirani. Aliona pia kibonde kikubwa na kidogo, urefu wa mkono kati yake. Neno "nyasi" lilikuwa tayari ulimini, limezoea njia.

"Baba Adolfu," Zita alisema mlangoni. "Mama huyu anakuuliza."

Alifungua lango. Akavua kofia yake ya sufu, ambayo kwa baridi ya Ufipa mzee haivui nje hovyo, akamtangulia Emerensiana mpaka kwenye mparachichi wa tatu.

"Nilikuficha, dada," alisema. "Siku ya kupima nilikosea, nikadhani ni ntumba. Hilo Mungu analijua. Lakini mwaka wa pili nilijua, na nimefukia mpaka leo. Miaka mitatu nimekupa maji nikakunyima mama yako."

Emerensiana hakulia wala hakulaumu. Alipiga magoti, akaweka kiganja katika kibonde kikubwa, kisha kingine katika kile kidogo, akabaki hivyo, mikono imetengana, kama mtu anayewapima homa wawili kwa pamoja.

"Hapa pana joto," alisema.

Zita aliweka uji chini, akagusa udongo pembeni. Ulikuwa wa baridi kama chuma. Akagusa penye kiganja cha mgeni, na akautoa mkono wake haraka, akajifuta kwenye khanga.

Ndipo sauti ya Obed ikatoka juu ya wigo. "Mzee, kwa hiyo tunalala juu ya watu?"

"Kwangu ni saba niliowajua, na leo mtoto wa nane. Na kwako sidhani kwamba hakuna."

"Hudhani."

"Nilishika mnyororo, Obed, sikushika koleo."

"Na maparachichi haya umekula miaka yote. Ukatugawia na sisi, debe kwa debe, tukakushukuru."

Urbano aliinamisha kichwa. Hakuna mtoto katika mtaa ule aliyelelewa bila matunda ya miti ile.

Emerensiana alikuwa amesimama. Alitembea polepole kutoka kibonde hadi kibonde, na katika kila kimoja alitaja jina, bila kusita, kama asomaye daftari la ubatizo. "Huyu ni Teodori, baba mdogo. Huyu ni bibi Winifrida, alikuwa kiziwi. Semeni naye kwa nguvu. Huyu ni Kija, alikuja kutafuta ng'ombe wake kutoka mbali, akaugua kwetu." Penye kibonde cha mwisho, kilicho karibu na dirisha la chumba cha kulala, alipangusa majani kwa kiganja. "Huyu ni Urbano. Somo wako, kaka. Alikuwa seremala, na hakupenda kuamshwa."

Zita alimtazama mumewe. Kwa miaka ishirini na saba kitanda chao kilikuwa hatua nne kutoka pale, na mara nyingi alfajiri mzee aliamka akiuliza nani amemwita.

Wiki ile Urbano alikwenda mwenyewe ofisi ya mtaa akaandikisha ukweli. Alizunguka kila nyumba ya mteremkoni akionyesha, kadiri alivyokumbuka, mahali vilima vilipokuwa. Wengine walimshukuru wakiwa wamekunja uso. Wawili waliacha kumsalimu, na mama mmoja aliangusha miparachichi yake yote siku hiyohiyo. Shauri la viwanja bado liko mezani kwa wakubwa, na hakuna ajuaye litaishaje. Padre alikuja Jumapili, akanyunyizia maji ya baraka ua kwa ua. Obed ndiye aliyembebea ndoo, akiwa amevaa shati lake la harusi, wala hakufanya mzaha hata mmoja. Emerensiana alilala kwa Zita siku tatu, wakapika ugali wa ulezi na maharage, wakasimuliana habari za uzazi. Siku ya nne alishuka Muze akiwa amekaa mbele, karibu na dereva.

Urbano hafukii tena. Ameviacha vibonde kama vilivyo, akavizungushia mawe, na ameandika majina yote ili yasomwe Misani. Anapopita hapo huwapa shikamoo, wa umri wake na wadogo sawasawa, na husimama kidogo, kama mtu aliyezoea kuitikiwa.

Mwenyezi Mungu, ambaye kwake aliye hai na aliyelala ni wa nyumba moja, amhesabie Urbano ukweli aliousema kwa kuchelewa kana kwamba aliusema mapema. Amjalie Zita afya, na watoto wao na wajukuu usingizi usio na hofu. Ayatie nguvu magoti ya Emerensiana kwa siku zilizosalia, awabariki ndugu zake wote bondeni na uwandani. Na mama yule pamoja na mtoto wake awakutanishe mahali pasipo na urefu wa mkono kati yao. Amina.