Siku Kompyuta ya Nkwabi Iliponyamaza

Nkwabi alichimba dhahabu Nyarugusu miaka kumi na moja, mpaka baruti ilipolipuka kabla ya wakati na kuondoka na macho yake. Baadaye alijifunza kutumia kompyuta inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa. Ilikuwa na Linux, mfumo wa bure ambao yeyote anaruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Kwa mashine hiyo akawa katibu wa kikundi cha wachimbaji wadogo.

Asubuhi moja, baada ya mfumo kujisasisha, aliiwasha akasikia kimya. Akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Feni ilivuma, lakini kwake mashine ilikuwa imekufa.

Mkewe, Paskalina, alikuwa nje akikata viazi vitamu vya michembe, vya kuanikwa juani.

"Mama Cornel, njoo unisomee."

"Kiingereza cha humo nakijulia wapi, Baba Cornel?"

"Usikisome. Nitajie herufi tu."

Paskalina aliishia darasa la nne, na kompyuta ile alizoea kuifuta vumbi tu, kwa woga. Akajipangusa mikono kwenye kanga, akaketi. Nkwabi akaandika amri aliyoikariri. Paskalina akaweka kidole kwenye kioo, akataja herufi moja moja, na mumewe akayaunga maneno: hakuna kadi ya sauti iliyopatikana.

Nkwabi akampigia Mwanaima, mwalimu wake wa kompyuta aliyekuwa Geita.

"Sasisho limekuja bila dreva, ile programu inayoendesha kadi yako ya sauti," Mwanaima alisema. "Unganisha intaneti ya simu, nikutajie jina la faili la kupakua."

Alipokuwa akilitaja herufi kwa herufi kwenye spika ya simu, Paskalina aliliandika kiganjani kwa kalamu. Nkwabi akaliandika kwenye mashine, ikakataa. Akarudia, ikakataa tena. Akapiga meza.

"Basi! Niache."

Paskalina hakuinuka. Alilinganisha kiganja na kioo, polepole.

"Hapa katikati kuna kistari. Wewe umeacha wazi."

Nkwabi akaweka kistari. Maandishi yakaanza kukimbia kwenye kioo, na yalipokoma wakaizima mashine na kuiwasha upya. Sauti ikatoka, kavu, ya puani. Nkwabi akainamisha kichwa.

"Wabeja," akamshukuru mkewe kwa Kisukuma.

"Kumbe huyu ndiye anayekusomea kila siku? Mbona anaongea kama kabanwa pua?"

Wakacheka mpaka Nkwabi akajifuta machozi. Paskalina alisimama arudi kwenye viazi, kisha akageuka.

"Herufi ya jina langu iko wapi?"

Nkwabi akamshika kidole, akakipeleka kwenye kitufe. Paskalina akabonyeza, na mashine ikaitamka.