Miche ya Maboga Uani kwa Bibi

Juzi nilikwenda Kariakoo kutafuta kitambaa cha mapazia, nikajikuta nimesimama mbele ya ghorofa lenye maduka ya simu chini na stoo za mabegi juu. Kijana wa duka akaniuliza, "Mama, unatafuta nini nikusaidie?" Nikamwambia naangalia tu. Ningemwelezaje kwamba pale alipoweka kabati lake la vioo ndipo palipokuwa uani kwa bibi yangu, na kwamba katikati ya miaka ya sabini miche ya maboga iliwahi kutukosesha raha nyumba nzima mahali pale?

Wewe uliyekulia mitaa ile unazijua nyumba zetu. Ukumbi unapita katikati, vyumba huku na huku, halafu unatokea uani: jiko, bomba, bafu la mabati, kamba ya kuanikia nguo. Nyumba ile bibi aliachiwa na marehemu babu, na vyumba alipangisha. Cha mbele alikaa fundi cherehani na mkewe na mtoto wao mchanga. Kilichofuata alikaa mwalimu wangu wa darasa la nne, dada wa Kilimanjaro ambaye alikuwa bado hajaolewa. Mimi na bibi tulilala cha nyuma, kinachotazamana na jiko.

Alfajiri sauti ya kwanza ilikuwa maji ya bomba yakigonga ndoo, kisha cherehani, kisha redio ya fundi ikihimiza kilimo. Ilikuwa miaka ya foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, na unga tuliopata ulikuwa ule wa njano, ambao ugali wake bibi aliula akiangalia pembeni. Watu waliambiwa walime popote penye udongo, na mtaani kwetu kuna waliopanda mchicha ndani ya matairi. Sisi tulikuwa na kipande kati ya jiko na bafu. Ukitandika mikeka miwili kimekwisha. Ulikuwa mchanga mtupu ambao bibi aliulisha majivu, mbolea ya kuku na maji ya kuoshea mchele mpaka ukawa mweusi.

Mwaka huo, kabla ya masika, mwalimu alifiwa na mama yake. Alikwenda kwao kuzika, akarudi amekonda. Aliwaamkia wakubwa, akapokea pole za watu, na kesho yake akaenda kufundisha kama kawaida. Bibi alimsubiri alie, hakulia. "Msiba kaufungia kifuani," bibi aliniambia. "Utamtesa."

Alichorudi nacho kilikuwa mbegu za maboga, zimefungwa kwenye pembe ya kanga. Hayakuwa maboga kama haya ya sokoni. Alinihadithia kwamba ya mama yake yalikuwa makubwa kiasi kwamba hayakubebwa kutoka shambani. Yaliviringishwa kwenye mteremko mpaka nyumbani, watoto wakikimbia mbele kufukuza kuku njiani. Mbegu zile zilitoka katika boga la mwisho ambalo mama yake alilivuna kwa mkono wake. Akamwomba bibi ruhusa azipande.

"Panda, mwanangu," bibi alisema. "Ni padogo, lakini ni pako."

Akazipanda zote. Mvua ikanyesha, na zote zikaota.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Boga kubwa linataka nafasi, na kipande kile kingebeba miche miwili, basi. Mwalimu alilijua hilo vizuri. Ndiye aliyetufundisha kupunguza mahindi kwenye shamba la shule. Alipita kwenye matuta akituambia, "Acheni wenye shina nene, ng'oeni mwingine, msiuonee huruma." Lakini nyumbani, kila jioni akimaliza kusahihisha madaftari, alichuchumaa pale uani, akagusa mche huu, akagusa ule, akainuka na kuingia ndani bila kung'oa hata mmoja.

Miche haikumsubiri. Majani yalipanuka mpaka yakagusana, ya chini yakaanza kugeuka manjano kwa kukosa hewa, na mashina yakatambaa hadi mlangoni mwa bafu. Fundi, ambaye alikuwa mtu wa mzaha, alimwambia, "Mwalimu, mimi siku hizi naenda kuoga kama mtu anayevuka mto." Mwalimu akatabasamu, akasema atashughulikia. Mkewe fundi hakuwa na mzaha. Alimwambia bibi kwamba uani ni pa wote, kwamba hana pa kukanyaga akianika nepi za mtoto, na kama hakuna mwenye ubavu wa kung'oa majani yale, yeye atayafyeka yote Jumapili mwalimu akiwa kanisani. Bibi akamsihi asifanye hivyo. Mimi nilikuwa nachambua mchele, nikasikia kila neno.

Jumamosi alasiri bibi aliketi kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akamwita.

"Mwalimu, njoo tukae kidogo."

Mwalimu akaja, akaketi kwenye kigoda.

"Ukiiacha yote hutapata boga hata moja. Unajua kuliko mimi."

"Najua, Bibi."

"Sasa?"

Mwalimu aliangalia vidole vyake. Halafu akasema, "Kila nikiushika mmoja naona kama nimemshika yeye. Sitaki kumtupa mama jalalani."

Bibi aliendelea kukuna. Alipomaliza kifuu akakiweka chini, akapangusa mikono. "Nani kasema tunatupa? Miche hii bado laini. Wewe chagua miwili ibaki. Mingine tunaipika leo hii, tunaila wote humu ndani. Hakuna kitakachokwenda jalalani."

Mwalimu alimtazama. Kisha akainuka, akakunja sketi yake, akaingia kwenye majani.

Alipitisha vidole kwenye kila shina. Mche mmoja mrefu, ambao mimi niliudhani ndio bora, aliukataa. Akaniambia urefu ule ni wa kutafuta jua tu, chini haukuwa na nguvu. Wa kwanza aliobakiza ulikuwa karibu na ukuta, mfupi, shina lake nene, majani yamekaza. Wa pili ukamshinda. Kulikuwa na miwili iliyofanana, akawa anakwenda na kurudi kati yake. Mwishowe akaniambia nimchagulie. Bibi alishatukataza kuunyooshea mche wa boga kidole, kwamba maboga yataoza, kwa hiyo nilionyesha kwa ngumi. Nilichagua uliokuwa karibu na nilipoketi, sikuwa na sababu nyingine.

Tulijaza sinia. Harufu yake naikumbuka, harufu ya kijani yenye udongo wa mvua. Tukaketi kuyamenya majani, kuvuta zile nyuzi za vikonyo ili yasikwaruze koo. Mwalimu alimenya moja, akamenya la pili, na la tatu likiwa mkononi akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika. Bibi hakumnyamazisha. Alinifanyia ishara niendelee kumenya.

Mkewe fundi akatoka na mtoto mgongoni. Nilifikiri anakuja kulalamika. Alisimama kidogo, akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi juu yake na kuchukua fungu la majani kutoka kwenye sinia. Baada ya muda akauliza taratibu, "Alikuwa mtu wa namna gani, mama?"

Mwalimu akafuta uso kwa kanga, akaanza kueleza. Mama yake alikuwa na sauti mbaya na alipenda kuimba, kwaya ya kanisani ilimvumilia. Aliwaficha watoto ndizi mbivu, halafu yeye mwenyewe akasahau alipozificha. Mkewe fundi akacheka, mwalimu naye akacheka huku machozi yakimtoka. Aliongea mpaka majani yakaiva kwenye tui. Tulikula kwa ule ugali wa njano, nyumba nzima kwenye mkeka mmoja, na bibi siku hiyo hakuangalia pembeni.

Mche niliouchagua mimi haukufika mbali. Siku moja mkewe fundi alimwaga maji ya moto bila kuangalia, ukanyauka jioni ile ile. Alikuja kuomba radhi akiwa hana raha. Mimi ndiye niliyelia safari hii. Mwalimu alinipangusa, akasema, "Umekwenda. Tumebakiwa na mmoja, tuutunze huo." Sauti yake ilikuwa tulivu, na bibi akamwangalia kama mtu aliyekuwa mgonjwa na sasa amepata nafuu.

Ule wa ukutani ulizaa boga moja ambalo fundi na jirani walilibeba kwa kusaidiana. Lilikatwa kwa panga Ramadhani, likapikwa kwa nazi na iliki, likatosha futari yetu na sahani za kupeleka nyumba za jirani. Mwalimu hakuwa akifunga, lakini siku ile hakugusa chakula mpaka adhana.

Mwaka uliofuata alihamishiwa Tabora. Kile kipande bibi alijenga chumba cha kupangisha, maana maisha yalikuwa yamebana. Niliolewa, nikahama. Bibi alipofariki, tangazo la msiba lilisomwa redioni, na siku ya tatu akaingia mwanamke mwenye mvi, vumbi la treni bado liko kwenye viatu vyake. Sikumtambua kuwa ni mwalimu mpaka aliposema jina langu. Alinikumbatia, akapita moja kwa moja mpaka jikoni, akaomba kisu, akaketi kumenya viazi pamoja na wanawake wengine. Aliondoka baada ya arobaini.

Ninapokaa sasa ni kwenye fleti nzuri, na majirani zangu nawajua kwa magari yao. Mwaka jana mmoja wao alifiwa na mama yake. Nilijua baadaye, nilipoona watu wa kukodisha viti wakipakia vitu vyao kwenye gari. Nikapanda kumpa pole. Alinifungulia mlango, akashangaa kidogo, akanikaribisha ndani. Tukakaa kwenye makochi, tukitazamana, mikono mapajani. Nilitaka kumuuliza mama yake alikuwa mtu wa namna gani, lakini hatukuwa na chochote cha kumenya, na swali lile sikujua linaanzaje kwa mikono mitupu.