Frigo ya Jirani na Burse Yangu

Nilipoomba burse, ule msaada wa karo ya chuo, ofisi ilitaka karatasi ya mshahara wa baba. Nikamweleza karani kwamba baba anachimba shaba kwa mikono katika mashimo ya Mutoshi.

"Basi alete karatasi ya kule."

"Shimo haitoe karatasi ya mushahara, tata," nikamjibu kwa heshima, kama mtu anavyomwita mzee.

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye nimelinyima shimo mhuri. Mwishowe alikubali barua ya chifu wa mtaa, akaniambia nisubiri mhakiki nyumbani. Nilisubiri mpaka masomo yakaanza bila mimi.

Mhakiki alipokuja, alisimama sebuleni mbele ya frigo, jokofu kubwa.

"Watu benye frigo kama hii banaomba burse ya nini?"

Mama akamwambia si yetu. Ilikuwa ya jirani, mama muuza samaki, ambaye nyumba yake haikuwa na umeme tangu nyaya zao ziibwe.

"Mama, mi naandika tu chenye naona."

"Basi andika na samaki. Nabo habako betu."

Hakuandika. Nikakataliwa: familia inajiweza.

Jirani aliposikia, alijifunga kitambaa kichwani, akaongozana nasi ofisini. Alieleza mahali alipoinunua frigo, hata jinsi mlango wake unavyokwama. Karani alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema maelezo ya mdomo hayapokelewi. Nyumba ihakikiwe upya. Lini? Gari likipata mafuta.

Njiani jirani alisema ataiondoa frigo. Mama akakataa. "Samaki baoze juu ya karatasi yabo?" Nami niliona hivyo. Wenzangu walikuwa darasani. Mimi nikaenda kuosha mawe ya kobalti pamoja na akina mama.

Mvua zilikuja na kwisha kabla ya mhakiki wa pili kufika. Huyu wala hakuitazama frigo. Alimtaka baba.

"Hayuko? Naandika hayuko."

Nilimsihi anisubiri. Nikapanda pikipiki hadi Mutoshi, nikamtoa baba kazini na vumbi lake lote, suruali imelowa hadi magotini.

"Tata, unafanya kazi gani?" mhakiki akauliza.

Baba akanigeukia. "Ni kwa hii swali umeniita?"

Burse ilikubaliwa. Niliingia chuoni mwaka mmoja nyuma, nikaketi na wale waliokuwa chini yangu sekondari. Jirani alituletea samaki wa kusherehekea, watu wakaja kunipongeza. Nilikula na kushukuru, lakini kila aliyesema "umekuwa na bahati" nilimhesabia miezi niliyoosha mawe.